Diski za kanzidata: data na logi zikae pamoja au nizitenganishe?

#1 Ndizi Mshale
Habari wakuu. Niende moja kwa moja.

Mimi ni mtu wa IT (idara nzima ni mimi) kwenye duka la jumla la dawa hapa Morogoro. Matawi matatu, watumiaji kama 40. Mfumo wa mauzo na stoo unakaa juu ya PostgreSQL 13 (programu ya kanzidata), kanzidata imefika GB 180. Seva ni ya zamani, ya kusimama, ina nafasi nne za diski. Ndani kuna HDD (diski za kuzunguka) nne za TB 2, za mizunguko 7200 kwa dakika, zimefungwa RAID 5 (diski zote kama moja, na hesabu ya akiba iwapo moja itakufa) kwenye kadi. RAM GB 32.

Siku za kawaida mambo yanakwenda. Mwisho wa mwezi, watu wakihesabu stoo, keshia anabonyeza kitufe cha kuhifadhi halafu anaangalia dari. Sekunde tatu, tano, siku nyingine nane. Mteja naye anaangalia dari.

Bosi ametoa hela ya diski tu, seva mpya amesema tusahau. Nimezunguka Kariakoo nikapata njia tatu:

A) SAS (HDD za seva) nne za mizunguko 10,000, mtumba kutoka Dubai.
B) SSD (diski za chipu, hazizunguki) nne za kawaida, hizi za kuweka kwenye kompyuta za nyumbani, TB 1 kila moja.
C) SSD mbili tu za seva, GB 960, zile zenye kapasita ndani. Hizi zinamaliza bajeti yote.

Kila ninayemuuliza ananiambia "data na logi usiweke diski moja". Nikichukua C nitazitenganishaje wakati diski ni mbili na lazima ziwe pacha? Naombeni mwongozo.

#2 Chapati Mbili
Nimevuta kiti, chai ninayo. Wataalamu mje.

#3 Mjomba Kadi
Waliokwambia wako sahihi, ila hawakukwambia kwa nini.

Chukua mfano wa duka lako. Kuna karani anaandika kwenye kaunta buku, mstari baada ya mstari, hanyanyui kalamu. Hiyo ndiyo logi ya miamala. Kuna mwingine anakimbia stoo, rafu ya 3, rafu ya 40, anarudi rafu ya 7. Hiyo ndiyo data. Diski ya kuzunguka ina mkono mmoja tu unaobeba vichwa vya kusoma na kuandika. Ukimpa mtu mmoja kazi zote mbili, kila akitaka kuandika mstari kwenye buku anaitwa stoo. HDD ya 7200 ikiandika kwa mfululizo inafika MB 150 kwa sekunde bila jasho. Ikirukaruka unapata kama operesheni 80 hadi 100 kwa sekunde, basi.

Mimi nimekaa na Oracle tangu enzi za diski za GB 18. Kanuni ilikuwa logi kwenye RAID 1 (diski mbili pacha) yake, data kwenye RAID 10 (jozi kadhaa za pacha), na RAID 5 tulimwachia mtu wa faili za ofisi. Chukua A: mbili za logi, mbili za data. Umemaliza.

#4 binti_kanzidata
Shikamoo Mjomba, lakini mfano wako una kichwa cha diski, na SSD haina kichwa. Hakuna anayekimbia stoo. Sababu ya kasi imepungua sana tangu tuhamie kwenye chipu.

Sababu iliyobaki ni ya pili, na watu huisahau: kufufua. Diski za data zikifa saa 10 jioni na logi iko kwenye diski nyingine iliyo hai, unachukua bakapu ya jana usiku, unaipitishia logi, unarudi mpaka saa 10 kasoro kidogo. Zikiwa pamoja, mauzo ya siku nzima yamekwenda. Hilo halijali kama diski inazunguka au la.

Na patisheni mbili kwenye diski ileile si kutenganisha. Nasema mapema maana najua kuna mtu anakuja nayo.

#5 Nondo Sita
Nilikuwa nakuja nayo kweli 😂

#6 Chapati Mbili
Samahani wakuu, mimi ni mtu wa mitandao. Logi mnayoizungumzia ni ile ya makosa, "mtumiaji fulani ameingia saa fulani"? Hiyo nayo inahitaji diski yake?

#7 Fundi Mbavu
#6 swali lako si la kuchekwa, lilishanifukuzisha kazi karibu.

Ofisi moja niliyopita (siitaji), diski ilijaa asilimia 100 Ijumaa jioni. Kijana wa zamu akapekua folda zipi kubwa, akakuta pg_xlog ina GB 60. Akaona neno "log", akajisemea hizi ni kumbukumbu tu, akafuta. Nafasi ikapatikana. Akazima na kuwasha. Kanzidata haikuamka tena. Tulilala ofisini siku mbili tukirudisha bakapu ya wiki iliyopita, ya karibu zaidi ilikuwa mbovu.

Logi hii ndiyo buku la ahadi. Mfumo unaandika kwanza hapo "nimeuza paneli kumi za paracetamol", unahakikisha imeshika kwenye diski, ndipo unamwambia keshia sawa. Data yenyewe inaandikwa baadaye kwa nafasi. Waliotengeneza PostgreSQL wenyewe waliona watu wanafuta, toleo la 10 mwaka 2017 wakabadilisha jina la folda kuwa pg_wal.

#8 Chapati Mbili
Asante. Kumbe hata jina la folda linaua.

#9 Mjomba Kadi
Marahaba binti. SSD haina kichwa, nakubali, lakini hata bila kichwa foleni ni foleni. Logi ikiomba kuandika na kuthibitisha wakati data inamwaga mzigo wa GB nzima, itasubiri. Nimeona kwa macho.

Mleta uzi, kabla hatujakununulia kitu, hiyo RAID 5 yako ndiyo mchawi wa kwanza. Kila kipande kidogo unachoandika, kadi inasoma data ya zamani, inasoma pariti (ile hesabu ya akiba) ya zamani, inaandika data mpya, inaandika pariti mpya. Kazi nne kwa moja. RAID 10 ni mbili. Endesha iostat (inaonyesha diski inavyobanwa) wakati wa msongamano, halafu endesha pg_test_fsync (inapima diski inathibitisha maandishi mara ngapi kwa sekunde) kwenye diski hiyohiyo. Lete namba hapa, tuache ramli.

#10 Ndizi Mshale
Nimefanya leo wakati wa chakula cha mchana.

iostat: muda wa kusubiri unapanda mpaka milisekunde 85, diski imeshika 100%.
pg_test_fsync: mstari wa fdatasync unasema 2,870 kwa sekunde.

Hiyo ya pili inaonekana nzuri, au?

#11 Bwana Kilowati
Nzuri kupita kiasi, mkuu. Shika kikokotoo. 7200 kwa dakika ni mizunguko 120 kwa sekunde. Ukiandika kwenye mstari ule ule na kusubiri uthibitisho, sahani lazima izunguke ndipo sehemu yako ipite tena chini ya kichwa. Kwa hiyo HDD mkweli haiwezi kukupa uthibitisho zaidi ya kama 120 kwa sekunde. Ya 15,000 inakupa 250. Wewe una 2,870.

Kuna mtu hapo ndani anasema "nimeshaandika" wakati bado ameshika mkononi.

#12 Kaskazi Mombasa
Bwana Kilowati, hiyo 120 usiwatie watu hofu nayo. Si mauzo 120 kwa sekunde. Makeshia kumi wakikamilisha pamoja, PostgreSQL huweza kuwakusanya ikathibitisha mara moja kwa wote. Nimeona diski ya 7200 ikibeba komiti (miamala iliyokamilishwa) mia tano na zaidi kwa sekunde.

Lakini sikiza, kwa pg_test_fsync umesema kweli. Ile huandika peke yake, hakuna wa kukusanywa naye. 2,870 kwenye HDD ni kache ya kadi, ile kumbukumbu ya muda inayopokea maandishi kabla ya diski. Swali ni hili: kache hiyo ina betri?

#13 Chapati Mbili
Komiti mia tano? Harusi gani hiyo?

#14 Kaskazi Mombasa
#13 wallahi wewe 😂 Na kila komiti yataka mchango.

#15 Ndizi Mshale
Wakuu, nimefungua seva saa 2 usiku baada ya kufunga duka.

Kadi ina betri, ndogo kama kiberiti kilicholala, imefungwa kwa klipu ya plastiki. Imevimba. Klipu yenyewe imepinda, na lebo ya mwaka inasema 2014. Nikaingia kwenye menyu ya kadi: betri imeandikwa mbovu, na chini yake kuna mpangilio unaosema kache iendelee kupokea maandishi HATA betri ikiwa mbovu. Sijui nani aliuweka. Nimeikuta hivyo.

Na Aprili mwaka jana umeme ulikatika, UPS ikazima baada ya dakika chache, seva ilipowaka tukakuta jedwali la stoo limeharibika, indeksi (orodha za kutafutia haraka) mbili zinalalamika. Tulisema ni virusi.

#16 Fundi Mbavu
Virusi! Pole sana mkuu. Betri iliyovimba itoe leo leo, usiiache ndani.

Huyo aliyeweka mpangilio namjua, si kwa jina ila kwa tabia. Betri ilikufa, kadi ikajirudisha yenyewe kwenye hali salama, mfumo ukawa mzito, watu wakapiga kelele, yeye akatafuta kitufe cha kunyamazisha kelele.

#17 Bwana Kilowati
Basi uzi umeisha. Zima kache hiyo, nunua betri mpya.

#18 Ndizi Mshale
Nimeizima asubuhi. pg_test_fsync sasa: 47 kwa sekunde.

Mhasibu amenipigia ndani ya dakika nne.

#19 Nondo Sita
Dakika nne zote? Mhasibu wenu mvumilivu.

#20 binti_kanzidata
47 ndiyo sura halisi ya seva yako. Nyingine yote ilikuwa vipodozi.

Ila sikubaliani na #17 kwamba uzi umeisha. Kilichoharibu jedwali la Aprili ni kache isiyo na betri, hilo linaingia akilini. Kinachomfanya keshia aangalie dari mwisho wa mwezi ni kitu kingine, maana wakati huo kache ilikuwa inafanya kazi! fdatasync ilikuwa 2,870 na bado watu walisubiri sekunde nane. Kwa hiyo si logi. Ni data: kusoma na kuandika kwa kurukaruka kwenye RAID 5.

Ndizi, shared_buffers (RAM ambayo PostgreSQL imetengewa) umeweka ngapi?

#21 Ndizi Mshale
Dada, sijawahi kuigusa. Imeandikwa 128MB.

#22 Mzee wa Indeksi
Nilikuwa nasoma kimya, hapo nimenyanyuka. RAM GB 32 na mfumo umepewa MB 128! Una ghala zima, wewe unafanya kazi kwenye meza ya kunyolea.

Acheni kumuuzia mtu diski. Weka GB 8, anzisha upya. Halafu angalia max_wal_size (kikomo cha ukubwa wa logi), nayo bila shaka iko kwenye GB 1 ya kiwandani. Wakati wa kuhesabu stoo logi inajaa upesi, mfumo unalazimika kufanya chekipointi (kumwaga data iliyobadilika kwenye diski) mara kwa mara, na baada ya kila chekipointi ukurasa unaoguswa mara ya kwanza unaandikwa MZIMA kwenye logi, KB 8, hata kama umebadilisha tarakimu moja. Logi inavimba, chekipointi zinaongezeka, logi inavimba tena. Panua iwe GB 8 au 16. Na lile ripoti la stoo linalosoma jedwali zima, tafuta indeksi. Mimi niliwahi kupunguza ripoti ya dakika 11 kuwa sekunde 2 kwa mstari mmoja wa amri. Hakuna diski duniani itakupa hiyo.

#23 Mjomba Kadi
Mzee wa Indeksi kila uzi ni indeksi. Mtu akija na homa utampa indeksi.

#24 Mzee wa Indeksi
Na atapona.

#25 Kaskazi Mombasa
Mzee, kwa kusoma umenena. Lakini RAM haikamilishi muamala. Uthibitisho wa logi lazima ufike mahali ambapo umeme ukikatika hapapotei. Amwekee GB 8 za kumbukumbu, 47 itabaki 47.

#26 Mtoto wa Lango
Kwani kuna haja gani ya kuteseka? synchronous_commit = off, yaani usisubiri uthibitisho wa logi. Nimeweka hivyo kwenye mfumo wa hoteli, unaruka.

#27 Fundi Mbavu
#26 watu wasije wakachanganya hiyo na fsync = off (kuzima kabisa uthibitisho wa diski). Hizo mbili ni mbingu na ardhi. Ukizima synchronous_commit, umeme ukikatika unapoteza miamala ya mwisho mwisho, kwa mipangilio ya kawaida si zaidi ya kama sekunde 0.6, lakini kanzidata inaamka nzima. Ukizima fsync, inaweza isiamke kabisa.

Hata hivyo kwenye duka la dawa hiyo nusu sekunde ni mteja aliyeondoka na risiti na boksi la dawa, halafu mfumo unasema hajawahi kuja. Hotelini mgeni yuko chumbani, utamwuliza.

#28 Mtoto wa Lango
Sawa, nusu sekunde mara mbili kwa mwaka. Karani anakosea zaidi ya hapo kabla ya saa nne asubuhi.

#29 Nondo Sita
Mimi natetea B. Tuna duka la vifaa vya ujenzi Mwanza, SSD mbili za kawaida, mwaka wa nne sasa, MySQL, hazijawahi kukohoa. Haya mambo ya "diski za seva" ni bei tu. Mnasema zinaisha kwa kuandikwa, haya tuhesabu. Samsung 870 EVO ya TB 1 wameandika dhamana ya TB 600 za kuandikwa. Sisi tunaandika kama GB 40 kwa siku. Hiyo ni siku 15,000. Miaka 41! Nitakuwa nimestaafu na diski inaendelea.

#30 binti_kanzidata
Nondo hesabu yako ni safi, ila GB 40 ni za upande wa kanzidata. Ndani ya diski chipu haiandiki vipande vidogo. Kila logi ikithibitisha KB 8, diski inaweza kuandika mara kadhaa zaidi kwa ndani. Igawe kwa tano, bado una miaka nane. Kwa hiyo nakubali, kuchakaa si tatizo la mleta uzi. Asichukue tu zile za QLC (chipu za bei rahisi zinazobana data zaidi): 870 QVO ya TB 1 dhamana yake ni TB 360, na kache yake ikijaa kasi inaanguka chini.

Tatizo la B ni kapasita. SSD ya seva ina kapasita ndogo ndani, umeme ukikatika zinaipa diski pumzi ya kumalizia ilichokuwa nacho kwenye kumbukumbu yake. Kwa sababu hiyo inaweza kusema "nimeandika" papo hapo bila kudanganya. Ya kawaida haina. Ikiwa mkweli lazima ipeleke mpaka kwenye chipu kila mara, na hapo utaona mia chache mpaka elfu kwa sekunde badala ya makumi elfu yaliyoandikwa kwenye boksi. Ikiwa mwongo, itakuwa na kasi mpaka siku ya giza.

Yaani ile betri iliyovimba, B inakurudishia ndani ya kila diski.

#31 Nondo Sita
UPS ipo kwa kazi gani sasa?

#32 Bwana Kilowati
UPS inalinda mpaka kwenye soketi. Kutoka hapo kuna waya, kuna pawa saplai, kuna binadamu. Nilikuwa na UPS ya KVA 3, betri mpya kabisa. Fundi wa kiyoyozi akaja, akatafuta pa kuchomeka drili, akaona soketi moja "haina kazi ya maana". Akaichomoa. Nikamkuta anatoboa ukuta kwa amani, seva iko kimya.

#33 Chapati Mbili
Drili ilikuwa na umeme safi sana siku hiyo.

#34 Pwani Wingu
Wakuu kwa nini mnahangaika na vyuma? Pelekeni wingu. AWS (wingu la Amazon) diski ya gp3 inakupa operesheni 3,000 kwa sekunde za kuanzia, betri, kapasita, fundi wa AC, vyote si tatizo lako. Kituo chao cha Cape Town kipo tangu 2020.

#35 Ndizi Mshale
Mkuu nashukuru, ila Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika sisi tuliendelea kuuza kwa sababu seva iko nyuma ya kaunta. Bosi anakumbuka hiyo siku kuliko sikukuu. Nikitamka wingu ananiuliza "la mvua?"

#36 Pwani Wingu
Hapo sina neno.

#37 Kaskazi Mombasa
Turudi kwa swali. Yeye aliuliza: akichukua C, diski mbili pacha, data na logi zikae pamoja?

Mimi nasema zikae. Hata Oracle wenyewe, miaka ile ya 2000, walikuja na mwongozo wa SAME: tandaza kila kitu kwenye diski zote, weka pacha, acha kugawa gawa. Hoja yao: ukitenga diski mbili za logi, mara nyingi hizo zimelala na za data zinakufa kwa kazi. Na hiyo ilikuwa zama za kuzunguka! Kwa SSD ndiyo zaidi.

#38 Mjomba Kadi
SAME naijua, niliishi nayo. Ilikuwa ya makabati ya diski 40, si ya diski mbili. Ukiwa na 40, logi ikipata sehemu yake ya 40 inatosha. Ukiwa na jozi moja, siku kadi ikichanganyikiwa na kuandika upuuzi, inaandika upuuzi huo huo kwa uaminifu kwenye pacha zote mbili. Data na logi pamoja. RAID 1 haijui upuuzi ni nini.

Napendekeza: C kwa data, halafu usitupe HDD zako. Chukua mbili kati ya zile nne, RAID 1, weka logi huko. Nafasi nne zimetosha.

#39 binti_kanzidata
Mjomba jamani. Logi kwenye HDD bila betri? Hiyo ndiyo 47 yake anarudi nayo nyumbani! Tuseme 100 maana haina pariti tena. Umempa SSD zenye kapasita halafu kila muamala unakwenda kusubiri sahani izunguke.

Geuza: logi NA data kwenye SSD. HDD mbili ziwe za kumbukumbu ya logi, nakala inayohifadhiwa kila faili likijaa, pamoja na bakapu ya usiku. Au bora zaidi, kompyuta yoyote ya zamani, chumba kingine, endesha pg_receivewal, iwe inanyonya logi kwa mtandao muda wote. Seva ikiungua una karibu kila kitu.

#40 Mjomba Kadi
Nilisema betri mpya ya kadi, binti, sikusema bila betri.

#41 binti_kanzidata
Hukusema, Mjomba. Nimerudi kusoma. Aliyesema ni Bwana Kilowati #17.

#42 Mjomba Kadi
Basi nasema sasa.

#43 Fundi Mbavu
Betri za kadi za umri huo mpya hazipatikani ovyo. Utauziwa "mpya" iliyokaa kabatini miaka sita, nayo itavimba.

Na A mleta uzi iache. SAS ya mtumba endesha smartctl uone saa ilizofanya kazi. Nilizoletewa mimi zilikuwa zimechapa zaidi ya saa 50,000, karibu miaka sita bila kulala, muuzaji anasema "zimetumika kidogo benki". Kingine, kama kuna mtu atashawishika na HDD kubwa za bei rahisi, aulize kama ni SMR, zile zinazopanga mistari ikilaliana kama vigae. Mwaka 2020 Western Digital walibanwa na wateja mpaka wakakubali kwamba baadhi ya WD Red za TB 2 mpaka 6 zilikuwa za aina hiyo. Kwenye RAID zinasumbua, kwa kanzidata ndiyo kabisa.

#44 Kaskazi Mombasa
Kama angepata Optane (diski ya Intel) ndogo ya mtumba kwa logi tu angelala usingizi. Ile haitumii chipu za kawaida, muda wa kujibu ni mdogo mno. Lakini Intel waliifunga biashara hiyo 2022, sasa wawindaji tu ndio huzipata.

#45 Chapati Mbili
Seva yake ya kusimama ya 2014 ina mdomo wa kuilisha hiyo Optane?

#46 Kaskazi Mombasa
Yataka kadi ya kugeuzia. Haya, basi, nimeota.

#47 Mzee wa Indeksi
Ndizi, uliweka GB 8?

#48 Ndizi Mshale
Niliweka, mzee, na max_wal_size GB 8. Jana ilikuwa tarehe 30. Ripoti ya stoo imeshuka kutoka dakika sita mpaka moja na nusu. Keshia bado anasubiri, ila sekunde mbili. Kache ya kadi bado imezimwa.

#49 Mzee wa Indeksi
Bila senti ya diski.

#50 Mjomba Kadi
Na bado anasubiri.

#51 Ndizi Mshale
Wakuu mrejesho. Nimechukua C. Zimefika kwa basi jana, nimepima moja kwenye kompyuta ya pembeni kabla ya kuifunga: fdatasync 11,400 kwa sekunde. Nimeirudia mara tatu nikidhani nimekosea.

Mpango: data na logi pamoja kwenye jozi hiyo, HDD mbili za nakala, na kompyuta ya zamani ya mhasibu inavuta logi kutoka chumba cha pili. Mjomba nisamehe.

Swali moja la mwisho. Nimegeuza diski nikasoma lebo. Namba za mfululizo zinafuatana, moja inaishia 417, nyingine 418. Tarehe ya kiwanda ileile. Ni sawa?

#52 Fundi Mbavu
Hapana. Rudisha moja. Pacha zilizozaliwa siku moja, zinaandikwa kitu kilekile, saa zilezile, zitachoka siku moja. HPE mwaka 2019 walitoa tahadhari kwamba baadhi ya SSD zao za SAS zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, kosa la programu ya ndani. Hiyo ni miaka mitatu na siku 270. Fikiria mtu aliyeziwasha zote asubuhi moja.

#53 Kaskazi Mombasa
Hiyo ilikuwa kosa la programu, ungebadilisha namba ya lebo lisingebadilika kitu. Zile za kiwanda kingine ndizo zingeokoa. Aangalie kama ipo programu mpya ya ndani, aiweke, afunge kazi. Muuzaji wa Kariakoo hatakubali kurudishiwa boksi lililofunguliwa.

#54 Mjomba Kadi
Washa moja leo, nyingine iongeze kwenye jozi baada ya mwezi.

#55 binti_kanzidata
Mjomba, mwezi mzima duka linakwenda na diski moja?

#56 Mjomba Kadi
Si ana logi kwa mhasibu?

#57 Ndizi Mshale
Mhasibu huwa anazima kompyuta akitoka saa 11. Ngoja niandike karatasi nibandike.